Seva ya Linux: mlango gani ufungwe, na sentinele awekwe wapi?

Seva ni ordinatere inayohudumia zingine kupitia rezo. Mashirika na mashule hutunza humo mafaili yao, na nyingi hutumia Linux, mfumo wa jamaa ya Unix. Mlango ukiachwa wazi, mtu wa mbali anaweza kuingia na kuyachukua.

Dimoni
Ni programu inayofanya kazi chinichini ikingojea maombi. Haina uhusiano na pepo mubaya. Ile ya kuhudumia rezo husikiliza ku mlango wenye namba: telnet ku 23, SSH ku 22. Zote mbili ni za kuongoza seva kutoka mbali, lakini telnet inapitisha neno la siri wazi, mwenye kunasa rezo analisoma. Juu ya wizi wa namna hiyo, Tatu Ylönen wa Finland alitengeneza SSH mwaka 1995. Kwa hiyo, telnet ifungwe.

Kukesha ao kuamshwa?
Huduma ya kila saa, afazali dimoni yake ikeshe. Ile ya mara mojamoja inaweza kuamshwa mtu akibisha hodi. Kazi hiyo ilifanywa na inetd, iliyokuwa katika 4.3BSD mwaka 1986. Leo systemd inaiweza.

Nani aingie?
Mwaka 1990, Wietse Venema wa Eindhoven, Uholanzi, aliandika TCP Wrapper. Inasoma kwanza faili hosts.allow, kisha hosts.deny. Asiyetajwa popote anaingia.

Hapa njo kuna mtego. OpenSSH iliacha kusoma mafaili hayo tangu toleo 6.7, mwaka 2014. Red Hat Enterprise Linux 8 iliyaacha pia. Debian ilibakia nayo. Mtu anaweza kufuata mafundisho ya zamani, aandike katazo, alale usingizi, kumbe hakuna sentinele anayelisoma.

Utaratibu unaofaa
1. Andika «ss -tuln» uone milango inayosikiliza.
2. Zima huduma isiyo na kazi. Programu iliyozimwa haihitaji mlinzi.
3. Chuja anwani kwa nftables, iliyo ndani ya Linux yenyewe.
4. Ku SSH, tumia funguo pahali pa neno la siri.
5. Jaribu kutoka mashini isiyoruhusiwa. Usifunge kwanza dirisha ulilofungua, usije ukajifungia inje.