Sikukuu za Watu Weusi katika Njia za New York

Jiji la New York linapotajwa kwa sikukuu zake, aghalabu watu hukumbuka mwezi wa Desemba: mti mkubwa wa Krismasi unaosimamishwa mbele ya majumba ya Rockefeller Center tangu miaka ya 1930, na umati unaokesha katika uwanja wa Times Square kuukaribisha mwaka mpya, mahali ambapo mpira wenye taa uliteremshwa mlingotini kwa mara ya kwanza mwisho wa mwaka 1907. Hayo yamekwisha andikwa sana, nasi hatutayarudia. Katika makala haya tunakusudia kueleza sikukuu nyingine za jiji hilo hilo, zile zilizoanzishwa na watu weusi, wazao wa watumwa pamoja na wahamiaji waliotoka visiwa vya Karibiani. Tumezichagua kwa kuwa historia yake ni historia ya kugombea njia. Kijijini, mwenye ngoma huenda kiwanjani. Katika jiji kubwa kila kipande cha barabara kina mwenyewe au kina sheria, na mtu asiyehesabiwa kuwa raia hana pa kuchezea. Tena, kama tutakavyoona mbele, historia hiyo imefikia mlango wetu sisi walimu wa Kiswahili.

Mji huo ulianzishwa na Waholanzi katika miaka ya 1620, nao wakauita New Amsterdam. Waafrika waliletwa humo tangu miaka hiyo hiyo ya mwanzo, wakawa watumwa wa kampuni ya biashara iliyoutawala mji. Mwaka 1644 watu kumi na mmoja kati yao walipewa uhuru wa nusu: wao wenyewe waliachiwa walime mashamba yao na kulipa kodi ya mazao kila mwaka, lakini watoto wao walibaki mali ya kampuni. Majina yao yamehifadhiwa. Mmoja aliitwa Simon Congo, mwingine Paulo Angola, na msomaji wetu aliyeko Kongo hana haja ya kuelezwa majina hayo yalitoka upande gani.

Waingereza waliuteka mji mwaka 1664 wakaubadilisha jina, na sheria zikawa kali zaidi. Sheria ya mwaka 1702 iliwakataza watumwa zaidi ya watatu kukutana pamoja isipokuwa kwa kazi ya mabwana wao. Baadaye hata mazishi yao yaliwekewa kiwango: waombolezaji wasizidi kumi na wawili. Makaburi ya watu hao yalisahauliwa chini ya majengo mpaka mwaka 1991, wachimbaji wa msingi wa jumba la serikali walipokuta mifupa katikati ya Manhattan. Mabaki ya watu 419 yalifukuliwa, yakachunguzwa na kuzikwa tena mwaka 2003, na leo mahali hapo pana ukumbusho wa taifa. Mgeni akipita hapo na akumbuke kwamba wengi waliolala humo hawakuruhusiwa kusindikizwa na jamaa zao wote.

Basi katika hali kama hiyo sikukuu ingetoka wapi? Ilitoka katika dini ya mabwana. Waholanzi walikuwa na desturi ya kuadhimisha Pentekoste, majuma saba baada ya Pasaka, nao waliiita siku hiyo Pinkster. Utawala wa Uholanzi uliondoka, desturi ikabaki. Kwa mabwana zilikuwa siku za ibada na mapumziko. Kwa watumwa zilikuwa miongoni mwa siku chache za mwaka walizoachiwa kutembea mbali, kwenda kumwona mke, mume au mtoto aliyeuzwa shamba jingine. Walipokutana, walicheza. Kufikia mwisho wa karne ya 18, Pinkster ilikuwa sikukuu ya Waafrika kuliko ya Waholanzi wenyewe. Katika mji wa Albany, uliopo kaskazini kwa kuufuata mto Hudson, ilichezwa juu ya kilima kwa siku kadhaa, ngoma zikipigwa, chini ya mzee aliyeitwa Mfalme Charles, ambaye ilisemekana aliletwa kutoka Angola, naye alivaa koti jekundu la kijeshi. Mwaka 1811 baraza la mji huo lilipiga marufuku ngoma na vibanda vya Pinkster. Marufuku hiyo ilikaa vitabuni miaka mia mbili, ikafutwa mwaka 2011.

Huko New York kwenyewe hapakuwa na kilima wala mfalme. Palikuwa na soko. Habari zake tunazipata kwa Thomas De Voe, mchinjaji aliyeuza nyama masokoni na kisha, mwaka 1862, akaandika kitabu kizima juu ya historia ya masoko ya jiji. Anaeleza kwamba watumwa kutoka Long Island na New Jersey walikuwa wakija katika soko la Catherine, ukingoni mwa mto, hasa siku za Pinkster, wakileta mizizi, matunda ya porini, majani ya dawa na samaki ili wajipatie senti zao wenyewe. Biashara ikiisha, wenye maduka waliwapa fedha au samaki aina ya mkunga ili wacheze. Kila kundi lilikuwa na ubao wake. Mchezaji alipanda juu ya ubao, wenzake wakaushika pande zote mbili usiruke, na mmoja akapiga mapigo kwa kujipiga mapaja kwa viganja na kugonga ardhi kwa kisigino. Hatukutajiwa ngoma hapo; mwili wa mtu ndio uliokuwa ngoma. Nasi twaona kwamba ubao ule unatueleza jambo ambalo sheria hazitwambii. Mtu asiyekuwa na haki ya kusimama sokoni kama raia alikuja na sakafu yake kwapani, akacheza juu yake, akaondoka nayo.

Bunge la jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwaacha watumwa huru polepole mwaka 1799, na mwaka 1817 likaamua kwamba utumwa ukome kabisa tarehe 4 Julai 1827. Tarehe hiyo ni sikukuu ya uhuru wa Marekani, na hapo pakazuka mabishano miongoni mwa watu weusi wa jiji. Wengine walitaka washerehekee siku hiyo hiyo kwa ibada na hotuba, na kweli William Hamilton alihutubia siku hiyo katika kanisa la Kiafrika la Zion. Wengine walikataa. Walihofu vurugu za wazungu waliolewa, ambao siku ya uhuru waliiona kuwa ni yao peke yao. Tena walisema kwamba uhuru wa mwaka 1776 haukuwagusa wao. Gazeti la kwanza la Waamerika weusi, Freedom's Journal, lilikuwa limeanza kutoka mwezi wa Machi mwaka huo huo, na wahariri wake hawakuyapenda maandamano. Waliona yanakula fedha na kuwapa wapinzani sababu ya kudhihaki. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na walimu wengi wa leo wangesimama upande wa wahariri.

Lakini watu hawakuwasikiliza. Tarehe 5 Julai 1827 walitoka kwa maelfu, vyama vyao vya kusaidiana vikiwa na bendera na nishani, bendi zikipiga, wakapita barabara ya Broadway mchana kweupe. Mbele alikuwa kiongozi wa maandamano, Samuel Hardenburgh, juu ya farasi. Miongoni mwa walioshuhudia alikuwamo kijana wa miaka kumi na minne, James McCune Smith, ambaye mwaka 1837 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, akiwa Mwamerika mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo. Mwaka 1865 alipoandika kumbukumbu zake bado aliieleza siku hiyo kwa furaha, jinsi wanawake wa visiwani walivyojaa pembeni mwa njia na vitambaa vyao vya rangi. Tangu sheria ya watu watatu ya mwaka 1702 ilikuwa imepita miaka 125.

Miaka mingi baadaye wageni kutoka Trinidad, Barbados, Jamaika na visiwa vingine walianza kukaa kwa wingi mtaa wa Harlem. Waliotoka Trinidad walikuja na kanivali yao, ambayo kwao huchezwa siku mbili kabla ya Kwaresima kuanza. Hapo walikutana na adui asiyejali kibali cha serikali: baridi. Mwezi wa Februari barabara za New York zina theluji, na vazi la kanivali halina koti. Basi katika miaka ya 1920 walicheza ndani, katika kumbi za dansi walizokodi. Aliyeitoa sherehe nje ni mwanamke, Jessie Waddell, ambaye mwaka 1947 alipata kibali cha kuandamana Harlem siku ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu ya wafanyakazi katika Marekani. Kwa hiyo desturi iliyofungwa na kalenda ya kanisa ikafunguliwa, ikafungwa upya na hali ya hewa. Wako wanaosema kwamba kanivali isiyofuatwa na Kwaresima si kanivali. Sisi hatuoni hivyo.

Miaka ya mwanzo ya 1960, baada ya ghasia, kibali cha Harlem kiliondolewa. Sherehe ilivuka mto pamoja na wenyewe, ambao wengi wao walikuwa wamehamia Brooklyn, na chini ya uongozi wa Carlos Lezama ikapata njia pana ya Eastern Parkway kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya 1960. Ingali hapo. Isipokuwa miaka ya 2020 na 2021, maradhi ya korona yalipozuia mikusanyiko, mwenye kufika Brooklyn Jumatatu hiyo ya Septemba huona mamia ya maelfu ya watu, manyoya na shanga, na ngoma za chuma zilizobuniwa Trinidad kutokana na mapipa.

Sasa tufike kwenye lugha yetu. Mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya ghasia za Watts, Maulana Karenga alianzisha mjini Los Angeles sikukuu ya Kwanzaa, inayoanza tarehe 26 Desemba na kumalizika tarehe 1 Januari. Jina limetokana na maneno matunda ya kwanza. Kila siku ina msingi wake: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Lililo maarufu zaidi kati ya hayo, Ujamaa, Julius Nyerere alikuwa amekwisha lieleza kisiasa katika maandishi yake ya mwaka 1962. Wazee wa watu hawa hawakutoka upwa wa Waswahili; wengi walitoka Afrika ya Magharibi na nchi za Kongo na Angola. Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja.

Huko Brooklyn, mwaka 1969, kilianzishwa chama kilichoitwa The East, na mwaka uliofuata shule yake ikafunguliwa kwa jina la Uhuru Sasa Shule. Kiongozi wake alikuwa mwalimu aliyezaliwa Leslie Campbell, akajipa jina la Jitu Weusi. Mwalimu mwenzetu akisoma hapa atakuwa amekwisha shika kalamu nyekundu. Jitu lapaswa kuwa jeusi, na shule ya Uhuru Sasa imewekwa kichwa chini miguu juu. Katika Kwanzaa pia, hindi linalowekwa juu ya mkeka huitwa muhindi, neno ambalo kwetu ni mmea au mtu wa Bara Hindi, na mtu akiulizwa “Habari gani?” hajibu “Nzuri,” bali hulitaja neno la siku, “Umoja!”

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani tunajua kicheko cha mtu anayesahihishwa upatanisho wake wa ngeli mbele ya watu. Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi kimechekwa vya kutosha. Ngeli ni ngeli, na mwanafunzi wetu akiandika jitu weusi tutamwondolea alama. Lakini Jitu Weusi hakuwa akifanya mtihani. Alikuwa akitafuta jina ambalo hakuna bwana aliyempa babu yake, na alilipata katika lugha tunayoifundisha. Aliishi nalo mpaka alipofariki mwaka 2013.

Mwaka 1971 shule hiyo ilihitaji fedha, na wazazi na walimu wakaandaa sherehe ya mtaani, yenye chakula, nguo, vinyago na muziki. Shule ilifungwa katika miaka ya 1980, lakini sherehe haikufungwa. Sasa huitwa Tamasha la Kimataifa la Sanaa za Kiafrika, nayo hufanyika kwenye siku za karibu na tarehe 4 Julai katika bustani ya Commodore Barry, Brooklyn, chini ya mahema ya wachuuzi wa vitambaa na vitabu. Ng'ambo ya mto, si mbali na hapo, ndipo lilipokuwa soko la Catherine.