Ethanoli Katika Petroli ya Afrika Mashariki: Faida Iko Kwenye Injini na Kwenye Zabuni

Mjadala wa kuchanganya ethanoli na petroli katika ukanda wetu huendeshwa kana kwamba kazi yenyewe ni kumimina tu: asilimia kumi ya spiriti ya miwa ikiingia kwenye tangi, basi injini itavuta vizuri, moshi utapungua na fedha za kigeni zitabaki nchini. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Ethanoli ina faida za kweli, lakini haziji zenyewe. Hupatikana mahali pawili: ndani ya injini iliyoundwa au kurekebishwa kwa ajili yake, na kwenye mkataba wa kununua petroli itakayochanganywa nayo. Tukizikosa kote kuwili, dereva atalipia mafuta yanayomfikisha karibu zaidi kuliko ya jana.

Tuanze na nishati, kwa sababu hapo ndipo ahadi nyingi hukwama. Lita moja ya petroli hubeba takriban megajuli 32. Lita ya ethanoli hubeba kama 21. Mchanganyiko wenye ethanoli asilimia 10 una upungufu wa nishati wa zaidi kidogo ya asilimia 3. Pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 50 kwa lita itaenda kama 48, mambo mengine yakibaki vilevile. Anayedai kwamba mchanganyiko huu peke yake huongeza umbali kwa lita anadai kisichowezekana.

Ubora wa ethanoli uko kwingine. Oktani yake inazidi 100, na inapogeuka mvuke hufyonza joto jingi kuliko petroli, hivyo huipoza hewa inayoingia kwenye silinda. Mambo haya mawili huizuia injini kugonga, yaani mafuta kujiwasha yenyewe kabla ya wakati. Injini isiyogonga inaweza kuundwa kwa mgandamizo mkubwa zaidi, na mgandamizo mkubwa ndio unaotoa kazi nyingi zaidi katika kila tone. Brazili ilipoanzisha mpango wake wa ethanoli mwaka 1975 haikuishia kwenye pampu. Viwanda vya magari vilibadili mgandamizo, kabureta na metali za mfumo wa mafuta, na kufikia 2003 vilikuwa vikiuza magari yanayotambua yenyewe uwiano wa mafuta na kujirekebisha. Kule injini na mafuta vilikua pamoja.

Sisi tunaagiza magari yaliyokwisha kutumika, mengi kutoka Japani, yaliyopangwa kwa petroli yenye ethanoli kidogo au isiyo nayo kabisa. Mgandamizo wake hauongezeki kwa sababu mafuta yamebadilika. Gari lenye kihisi cha oksijeni na kompyuta litaongeza mafuta kidogo kufidia oksijeni iliyomo ndani ya ethanoli, na litaendelea na safari bila tatizo kubwa. Pikipiki ya kabureta haina wa kuifidia. Jeti yake ina tundu la kipimo kimoja, hivyo mchanganyiko wa hewa na mafuta unakuwa mwepesi zaidi.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wa bodaboda wanalijua vizuri kuliko waandishi wengi wa sera. Fundi hufungua plagi na kusoma rangi ya kauri yake: nyeusi yenye masizi ina maana mafuta yamezidi, kahawia ni sawa, na nyeupe inaonyesha kwamba injini inaungua kwa ukavu na joto. Pikipiki yenye plagi nyeusi itanufaika na ethanoli. Itachoma mafuta vizuri zaidi na kutoa monoksidi ya kaboni kidogo. Ile ambayo tayari imebanwa ili iokoe mafuta itazidi kupata joto, na oksidi za nitrojeni zitaongezeka. Kwa hiyo swali la kama ethanoli inasafisha hewa halina jibu moja kwa jiji zima. Upungufu mkubwa wa monoksidi ya kaboni hutokea kwenye injini kuukuu zisizojirekebisha. Kwenye gari lenye kihisi kizima na katalisti nzima ya kusafisha moshi ni mdogo. Isitoshe, aldehidi huongezeka popote ethanoli inapoungua. Serikali inayotaka kusema hewa imekuwa safi ni lazima ipime vyombo vilivyopo barabarani, vikiwemo vile vilivyokatwa katalisti ikauzwa.

Kuna suala la mvuke pia, na hili ndilo linalotufikisha kwenye zabuni. Ethanoli peke yake haigeuki mvuke kwa wepesi kama petroli, lakini ikitiwa kidogo ndani ya petroli hupandisha shinikizo la mvuke la mchanganyiko, kwa karibu kilopaskali 7 kwenye kiwango cha asilimia 10. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam hiyo ni petroli inayopaa kutoka kwenye matangi kabla haijaungua. Dawa yake inajulikana: petroli ya msingi itengenezwe ikiwa na mvuke mdogo na oktani ya chini kiasi, kisha ethanoli ikamilishe. Petroli ya namna hiyo ni nafuu kuitengeneza. Lakini kiwanda cha Changamwe hakisafishi tena mafuta ghafi tangu 2013, na cha Kigamboni kiliacha zamani zaidi. Tunanunua petroli iliyokwisha kukamilika, ambayo oktani yake imelipiwa huko ilikotoka. Tukiimiminia ethanoli bandarini, tumelipia oktani mara mbili.

Bahati ni kwamba Tanzania na Kenya, kila moja kwa mfumo wake, huagiza mafuta kwa wingi, shehena nzima kwa mkataba mmoja. Mnunuzi wa namna hiyo ana nguvu ya kuandika sifa anazotaka. Ninaona ajabu kwamba mjadala wetu unaishia kwenye asilimia za kuchanganya, na nadra kugusa kipengele hiki cha mkataba, ambacho ndicho chenye fedha.

Ethanoli pia hupenda maji. Maji yakizidi kama nusu asilimia, huungana nayo na kutuama chini ya tangi, na petroli inayobaki juu inakuwa imepoteza oktani yake. Kituo chenye tangi linalovuja wakati wa masika hakifai kupokea mchanganyiko huu. Tabia hiyohiyo inatupa kipimo rahisi. Tia mililita 10 za maji na 90 za petroli kwenye chupa ya vipimo, tikisa, acha itulie. Petroli tupu itaacha maji palepale kwenye alama ya 10. Kama ina ethanoli asilimia 10, tabaka la chini litapanda kuelekea 19. Kila kituo kinaweza kufanya hivyo mbele ya mteja.

Na ni lazima kifanye hivyo, kwa sababu tumekwisha kuona bei inavyozaa uchakachuaji. Mafuta ya taa yalipokuwa nafuu yaliingizwa kwenye dizeli na petroli, hadi Tanzania ikaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka uliofuata. Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Walioumia ni wapikao na wawashao taa kwa mafuta hayo.

Ethanoli ina kishawishi chake cha bei, nacho ni pombe. Kenya ilichanganya ethanoli ya kiwanda cha Muhoroni na petroli katika miaka ya 1980, ikaacha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kiwanda kikaendelea kupata soko la spiriti kwingine. Malawi, iliyoanza na kiwanda cha Dwangwa mwaka 1982, imeendelea, na sababu moja iko wazi: petroli inayosafirishwa kwa lori kutoka pwani ni ghali, hivyo ethanoli ya nyumbani ina nafasi ya kushindana.

Tani moja ya miwa huacha kama kilo 40 za molasi, na molasi hiyo hutoa takriban lita 10 za ethanoli bila kugusa sukari. Lori la lita 36,000 za mchanganyiko wa asilimia 10 linahitaji miwa tani 360 iliyokamuliwa. Kiasi hicho kinapatikana kwenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Kakira, mradi mwenye kiwanda awe na mkataba wa miaka kadhaa, wenye bei inayomfanya asikimbilie mtengeneza pombe msimu wa kwanza bei ya petroli inaposhuka.