Shajara ya picha: siku 365, foto 365

Shajara ya picha ni kumbukumbu ya kila siku inayowekwa kwa foto. Mtu anapiga foto moja kila siku, anaandika tarehe, mahali na maneno machache juu yake, na anaendelea hivyo mwaka mzima. Haiombi kamera ya bei kali. Simu yenye kamera na kaye ya masomo vinatosha.

Ilivyoanza

Anayejulikana sana kwa kazi hii ni Mmarekani Jamie Livingston. Alianza tarehe 31 Machi 1979 na kamera ya Polaroid, ile inayotoa foto papo hapo. Aliendelea hadi 25 Oktoba 1997, siku aliyokufa na kansa. Aliacha foto zaidi ya 6,000, nyingi za mambo ya kawaida: marafiki, chakula, nyumba.

Huku kaskazini-mashariki ya Kongo, Herbert Lang, aliyetumwa na jumba la makumbusho la New York, alipiga maelfu ya foto kati ya 1909 na 1915. Zinatunzwa kule New York hadi leo. Lakini ni mgeni ndiye alichagua nini kionekane. Katika shajara ya picha, mukaaji mwenyewe ndiye anachagua.

Faida kwa mukaaji wa Marabo

Marabo iko kwenye barabara ya taifa namba 27, kati ya Bunia na Komanda, ndani ya teritware ya Irumu. Vita vimepita huku mara nyingi. Septemba 2002, Nyankunde, jirani na Marabo, ilishambuliwa, watu wengi wakauawa na hospitali ikaporwa. Mtu anayekimbia usiku anabeba watoto. Albamu ya familia inabaki nyumbani.

Foto za mwaka mzima zinaweza kuonyesha nyumba ilisimama wapi, mwembe ulikuwa upande gani, shamba lililimwa mwezi gani, na mtoto alikuwa na urefu gani. Foto haichukui nafasi ya karatasi ya shamba, na haimalizi kesi peke yake. Lakini wazee na majirani wakiitwa kutoa ushahidi, inawasaidia kukumbuka.

Namna ya kufanya

- Chagua saa moja ambayo ni rahisi kwako, kwa mfano jioni ukirudi shambani.
- Angalia tarehe ya simu kila asubuhi. Simu nyingine, betri ikiisha kabisa, zinarudi kwenye tarehe ya zamani.
- Andika kwenye kaye siku ileile: tarehe, mahali, nani au nini. Foto bila maandishi, kisha miaka kumi hata mwenyewe anaweza kusahau ni ya wapi.
- Mara moja kwa mwezi, piga foto ya mahali palepale, ukisimama palepale: mlango wa nyumba, kona ya shamba, daraja. Hapo mabadiliko yanaonekana.
- Ukikosa siku moja, haiko shida. Acha nafasi tupu. Usipige mbili kesho na kuandika tarehe ya jana, maana tarehe moja ya uongo inaharibu imani ya zingine zote.

Usalama na heshima

Ituri na Nord-Kivu ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, état de siège, tangu 6 Mei 2021. Usipige foto za askari, kambi, silaha wala vizuizi vya barabarani. Simu ikikaguliwa njiani, foto moja ya namna hiyo inaweza kukuletea matatizo makubwa, hata kama ulipiga bila nia mbaya. Foto zako za siku tunza nyumbani, usizitume kwenye makundi ya WhatsApp: zinaweza kuonyesha watu wanalala wapi na mali iko wapi.

Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu foto. Kwa mtoto, uliza mzazi. Mkimbizi kambini, mgonjwa na aliyefiwa wana haki ya kukataa, na hawapaswi kueleza sababu.

Kutunza

Foto moja ya simu ikiwa na megabaiti 3, foto 365 zinachukua kama giga 1 tu. Kwa hiyo kadi memori ya giga 4 inatosha. Mwisho wa kila mwezi, nakili foto kwenye kadi ya pili na uiache kwa ndugu anayekaa mahali pengine, kwa mfano Bunia au Komanda. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ubora unapungua. Tuma kama dokima.

Kadi nayo inaweza kuharibika. Kama pesa inapatikana, chapisha foto 12, moja ya kila mwezi, na uandike tarehe na majina nyuma kwa kalamu. Zifunge ndani ya plastiki pamoja na karatasi za familia, ili siku ya kuondoka haraka ziwe ndani ya mfuko mmoja.