Bibi Yetu Mwana Kupona na Daftari Letu

Nimeombwa na kamati niandike historia, na mimi elimu yangu ni ya shule ya msingi tu, basi mtanisamehe. Badala ya kuanza na kikundi, naanza na bibi mmoja wa visiwa hivi vyetu vya Lamu, maana bila yeye hamtaelewa kwa nini nasumbua watu kuhusu daftari.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa kisiwani Pate. Aliolewa na Sheikh Mataka, maarufu Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, yule aliyekataa kuinama mbele ya Sayyid Said wa Unguja. Siyu wakati huo ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi, watu wakinakili vitabu kwa mkono. Bwana Mataka akafariki mwaka 1856, akamwacha mjane na watoto.

Mwaka 1858 Mwana Kupona naye alikuwa mgonjwa. Bintiye, Mwana Hashima, alikuwa bado kijana. Basi mama alifanya nini? Alimwita mwanawe akae karibu na wino na karatasi, akamtungia utendi wa beti zaidi ya mia moja: adabu, usafi, kukaa na mume, kuwatazama maskini. Akafariki karibu mwaka 1860. Hashima akautunza ule utendi, na wanawake wakaunakili kwa ajili ya binti zao, mpaka ukachapishwa kitabu Uingereza mwaka 1934.

Nasema wazi, mimi si yote nayakubali. Ule utiifu kwa mume umezidi. Wako wenzetu humu waliokatazwa kuja mkutanoni, wakaja wamejificha. Lakini najua alichosema, ndiyo maana naweza kubishana naye. Bibi yangu mzaa babu, aliyeishi zama hizo hizo, siwezi kubishana naye. Hata jina lake silijui. Niliuliza wazee wote wa nyumbani, wakanitajia mumewe, wakanitajia mashamba, yeye wakamwita "mkewe" tu.

Sasa ya kikundi. Mwaka wetu wa pili mwenzetu mmoja alifariki. Bintiye akaja, macho mekundu, akauliza akiba ya mamake. Tukatazamana. Pesa tulikuwa tukipokea kwa mkono na kukumbuka kwa kichwa. Huyu asema hivi, yule vile. Tulichanga tukampa, lakini mpaka leo sijui kama tulimpa haki yake au tulimdhulumu. Lawama hiyo ni yangu, mimi ndiye nilikuwa nikishika pesa.

Kesho yake nilinunua daftari. Tangu siku ile shilingi haiingii bila jina, tarehe na sahihi au dole gumba. Wengine mliniita askari. Sawa, nimekubali.

Miaka kumi imetimia, nawashukuru nyote. Zawadi ninayoomba ni moja. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki tumeuacha mtupu makusudi. Kila mwanachama aandike jina la mamake, la bibi yake, na la mama wa bibi kama analijua. Asiyejua kuandika amwite mjukuu. Asiyejua jina aende akaulize leo, wazee wangali hai. Kesho hatutakuwa na wa kumuuliza.

Mwenyekiti wenu.