Njia Moja ya Redio: Uongozaji wa Droni na Taarifa za Safari katika Uchoraji Ramani wa Dar es Salaam

Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, yalionesha gharama ya kuishi katika makazi yasiyopimwa, ambayo mitaro na vichochoro vyake havikuwamo katika ramani rasmi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulishughulikia pengo hilo kwa kuwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu, wakazi wa kata kama Tandale wilayani Kinondoni, na droni ya mabawa ya aina ya eBee. Masimulizi ya mradi huo husifia picha zilizopatikana. Njia ya redio iliyoiunganisha ndege na waliokuwa ardhini haitajwi sana, ilhali ndiyo iliyobeba suala la usalama juu ya mapaa ya watu.

Kwa miaka mingi redio ya kuongozea ndege ndogo ilikuwa ya upande mmoja: ilituma amri tu. Ndege zilipoanza kubeba kompyuta, taarifa za betri, kimo na mahali, yaani telemetria, zilipewa redio ya pili, aghalabu ya megahezi 433 au 915. Chaguo hilo halikuwa la kiufundi pekee. Masafa ya megahezi 902 hadi 928 yametengwa kwa matumizi huru katika mabara ya Amerika, si katika kanda ya Afrika na Ulaya, ambako sehemu yake huingiliana na masafa ya simu za mkononi. Redio iliyoagizwa Marekani ingeweza basi kugombana na mnara wa simu wa mtaa uleule inaorukia.

Mwaka 2009 Lorenz Meier, wa chuo cha ETH Zürich, alitoa MAVLink, utaratibu wa ujumbe unaobeba amri na telemetria kwa pamoja. Redio moja ikatosha, pande mbili zikisemezana kwa zamu kama watumiaji wa redio ya upepo. Kasoro yake ni nzito: njia ikikatika, rubani hupoteza usukani na habari za ndege kwa mpigo mmoja.

Muundo wa eBee ulipunguza hatari hiyo kwa kuifanya njia ya redio ibebe mambo machache. Modemu ya gigahezi 2.4, iliyochomekwa kwenye kompyuta mpakato, ilipeleka amri na kupokea telemetria. Picha zilibaki katika kadi ya kamera, na kompyuta ya ndege ndiyo iliyoshika uelekeo, ikiwa na maelekezo ya kurudi mawasiliano yakipotea. Usalama ulitokana na kompyuta hiyo kuliko redio. Watengenezaji wenyewe hawakuiamini njia moja kikamilifu: ndani ya sanduku la eBee waliweka pia rimoti ya pekee kwa ajili ya rubani wa tahadhari.