Elimu ya Mafua na Maandalizi ya Janga kwa Vijana wa Kitale na Bungoma

Mafua makali, ambayo wataalamu huyaita influenza, ni ugonjwa wa njia ya hewa unaoletwa na virusi. Tangu mwanzo wa karne ya 20 yamezua majanga manne ya dunia nzima: mwaka 1918, 1957, 1968 na 2009. Makala haya yanaeleza jinsi ugonjwa huo, pamoja na maandalizi ya janga jingine, unavyofaa kufundishwa kwa vijana wa umri wa shule ya upili katika maeneo ya Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, na kaunti jirani ya Bungoma.

Kitale iko mashariki mwa Mlima Elgon, kwenye kimo cha mita 1,900 hivi. Mji wa Bungoma uko kusini, kwenye mita zipatazo 1,400. Katika kaunti hizi mbili wanaishi Wabukusu, Wasabaot, Watachoni, Wateso na wengine wengi. Barabara kuu mbili hukutana Webuye: ile inayotoka Mombasa kwenda mpaka wa Malaba na Uganda, na ile inayotoka Kisumu kwenda Kitale, Lodwar na hatimaye Sudan Kusini. Ugonjwa unaoingia nchini kwa meli, ndege au lori hauchukui muda mrefu kufika hapo.

Ugonjwa wenyewe

Virusi vya influenza viko vya aina nne: A, B, C na D. Aina ya A pekee ndiyo iliyowahi kuleta janga la dunia, kwa kuwa inaishi pia ndani ya ndege wa majini, kuku, nguruwe na wanyama wengine. Jeni zake zimegawanyika vipande vinane. Virusi vya ndege na vya binadamu vikikutana ndani ya nguruwe mmoja, vinaweza kubadilishana vipande hivyo na kutoa kirusi kipya ambacho mwili wa mtu haujawahi kukutana nacho. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Dalili hutokea siku 1 hadi 4 baada ya maambukizi: homa ya ghafla, kikohozi kikavu, maumivu ya kichwa na misuli, uchovu unaomwangusha mtu kitandani. Jambo ambalo mwalimu hapaswi kuliacha lipite ni kwamba mgonjwa huanza kuambukiza wengine takriban siku moja kabla ya kujihisi mgonjwa, kisha huendelea kwa siku 5 hadi 7. Kijana anayecheza mpira jioni akiwa na nguvu zake zote anaweza kuwa amekwisha kuwaambukiza wenzake. Asipoelewa hilo, kanuni zote nyingine ataziona kama usumbufu wa wakubwa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mafua ya kila mwaka husababisha vifo kati ya 290,000 na 650,000 vya matatizo ya kupumua duniani. Nchini Kenya virusi hivi huzunguka mwaka mzima, tofauti na Ulaya ambako hushika wakati wa baridi. Tatizo la Bungoma ni kwamba iko katika ukanda wa malaria ya kudumu, na kila joto la mwili huitwa malaria. Familia hununua dawa dukani, mgonjwa hapimwi, na mafua hupita bila kujulikana. Kijana anayejua kudai kipimo kabla ya dawa anaisaidia familia katika magonjwa yote mawili.

Majanga yaliyofika hapa

Mwezi wa Septemba 1918 mafua yaliingia Mombasa kwa njia ya bahari, yakapanda bara pamoja na reli, askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, ingawa njia ya kupitia Eldoret na Bungoma ilikuwa haijajengwa. Eneo la Bungoma la leo lilikuwa sehemu ya wilaya ya North Kavirondo, iliyotawaliwa kutoka Mumias. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa nchi nzima ni vifo vipatavyo 150,000. Duniani walikufa watu wasiopungua milioni 50. Wanafunzi hushtuka wanapoambiwa kwamba waliouawa kwa wingi hawakuwa wazee na watoto wachanga pekee, bali pia watu wenye nguvu wa miaka 20 hadi 40. Wengi wao walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata mafua, wakati ambapo penisilini ilikuwa haijagunduliwa.

Janga la 2009 lilitangazwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 11 Juni. Tarehe 29 Juni Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza: mwanafunzi wa udaktari wa miaka 20, aliyekuwa amefika Kisumu na kundi la wenzake kutoka Uingereza. Kisumu ni mwendo wa saa chache tu kwa matatu kutoka Bungoma. Kwa hiyo janga lile lilionekana kwanza magharibi mwa nchi, likiwa limeletwa na kijana.

Si mafua tu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, upande wa Trans Nzoia, kuna Pango la Kitum, ambalo tembo huingia kuchimba chumvi kwa pembe zao. Mwaka 1980 Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya alizuru pango hilo, akaugua homa ya Marburg na kufia Nairobi. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, aliambukizwa lakini akapona. Mwaka 1987 mvulana wa Kidenmarki mwenye miaka 15 aliyekuwa amezuru pango hilohilo alikufa kwa ugonjwa huo. Watafiti walikuja baadaye kukuta dalili za virusi hivyo kwa popo waliokamatwa humo mwaka 2007. Marburg haisafiri hewani kama mafua, bali hupitia damu na majimaji ya mwili, na tofauti hiyo ni somo zuri: njia ya ugonjwa ndiyo inayoamua kinga yake. Shule za Kitale hupeleka wanafunzi mlimani kila mwaka. Safari hiyo ina nafasi ya kipindi kizima cha biolojia kwenye mlango wa pango, bila kuingia.

Shule zilipofungwa

Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali iliagiza shule zote zifungwe. Baadhi ya madarasa, yakiwemo ya watahiniwa wa darasa la nane na kidato cha nne, yalirudi tarehe 12 Oktoba. Waliosalia walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Malaba palijaa mistari ya malori ya kilomita nyingi, madereva wakisubiri majibu ya vipimo.

Hasara kwa vijana ilikuwa kubwa kuliko ile ya ugonjwa wenyewe. Utafiti uliofanywa Siaya na kuchapishwa 2022 ulionyesha kuwa wasichana wa sekondari waliokumbwa na kufungwa kwa shule walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza masomo, na mara tatu ya kuacha shule, wakilinganishwa na waliowatangulia. Mpango wowote wa janga unaohesabu vitanda vya hospitali bila kuhesabu wasichana hawa una kasoro. Tena, shule inapofungwa, mwalimu naye huondoka. Alichokuwa hajafundisha kabla ya janga hatapata nafasi ya kukifundisha likiwa limebisha hodi, kwa sababu nyumba nyingi vijijini hazina intaneti wala runinga. Ndiyo maana elimu hii inapaswa kutolewa wakati wa amani.

Namna ya kufundisha

Sera ya afya shuleni imekuwapo Kenya tangu 2009, na shule nyingi zina klabu za afya, skauti au Msalaba Mwekundu. Vyombo vipo. Kinachopungua ni somo linaloanzia maisha ya wanafunzi wenyewe.

Mfano bora kwa Bungoma ni embalu, tohara ya Wabukusu, inayofanywa Agosti ya kila mwaka wa shufwa. Mvulana huvaa njuga na kuzunguka kwa jamaa zake, kwa shangazi, kwa ami, kwa mjomba, akiwaalika, huku kundi la waimbaji likimfuata. Mwalimu humwomba mwanafunzi aliyepitia embalu achore ramani ubaoni: maboma aliyopita, siku kwa siku, na alikokula na kulala. Kisha darasa huulizwa: kama alikuwa anaambukiza tangu Jumatatu, na dalili zikaonekana Jumanne jioni, tuanze kumtafuta nani? Kwa dakika 40 wanafunzi huwa wamefanya kazi ya maofisa wa afya ya umma ya kufuatilia waliokutana na mgonjwa, na hakuna aliyewatisha. Mwaka 2020 ulikuwa wa embalu, na msimu uligongana na marufuku ya mikusanyiko. Vijana waliosikia amri bila sababu zake waliiona kama dharau kwa mila. Ndipo pa kuwasimulia habari za Philadelphia, Marekani, ambako tarehe 28 Septemba 1918 watu wapatao 200,000 walijipanga barabarani kutazama gwaride, na baada ya siku chache hospitali zikafurika. Haukuwa mkosi wa mila ya mtu. Ni umati na hewa.

Somo la mikono ni rahisi. Mwalimu hupaka kiganja vumbi la chaki ya rangi, humsalimia mwanafunzi mmoja kwa mkono, na darasa huendelea na kazi. Mwisho wa kipindi chaki hutafutwa kwenye madaftari, mashavu na vishikio vya milango. Baada ya hapo kibuyu chirizi hutengenezwa: mtungi wa plastiki wa lita 5 uliotobolewa tundu dogo, kamba, kijiti cha kukanyaga kwa mguu, na sabuni iliyoning'inizwa kando. Hakigharimu chochote cha maana.

Hata hivyo ni kosa kuishia kwenye sabuni. Mafua hupita zaidi kwa matone na hewa ya mtu anayekohoa, na mahali pa hatari kuliko pote ni bweni. Mwezi wa Julai Kitale huwa na baridi kali. Madirisha hufungwa jioni, vitanda vya ghorofa vimesogeleana, na vijana kwa makumi hupumua hewa moja hadi alfajiri. Mambo matatu hayahitaji bajeti. Madirisha ya pande mbili yaachwe wazi kiasi usiku. Wanafunzi walale kwa kupishana, kichwa cha mmoja kikielekea miguu ya jirani yake. Chumba kimoja, hata stoo iliyosafishwa, kitengwe mapema kwa wagonjwa. La nne ni gumu zaidi: wanafunzi wengi huficha ugonjwa kwa hofu ya kuitwa watoro au kukosa mitihani. Shule inayomwadhibu mgonjwa kwa kusema anaumwa inajiletea mlipuko yenyewe.

Uvumi nao hufundishwa kwa kuigiza. Vijana wa kaunti hizi wamezoea tamasha za muziki na drama. Wapewe uvumi mmoja wa 2020, kama ule wa kwamba ugonjwa haumpati kijana, wautungie mchezo mfupi kwa Kiswahili, Kibukusu au Kisabaot, kisha watazamaji waulize: nani alisema, alijuaje, na nani anafaidika?

Kuku na ng'ombe

Vijana ndio wanaofungulia kuku asubuhi na kukamua ng'ombe. Mwezi Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ya aina ya H5N8 ilithibitishwa Uganda, kwenye ndege wa porini kando ya Ziwa Viktoria na kwenye kuku wa kufugwa, na Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka huko. Ugonjwa huo hufanana machoni na ule wa Newcastle, ambao wafugaji wanaujua vizuri. Ushauri ni huu: kuku wakifa wengi kwa pamoja, wasiguswe kwa mikono mitupu, wasiliwe, wasiuzwe Chwele wala soko jingine, na ofisa wa mifugo aitwe. Si rahisi kumwambia mama mwenye watoto wenye njaa afukie kuku watano, na mwalimu mkweli hukiri hivyo darasani kabla ya kueleza sababu.

Tangu Machi 2024 virusi vya H5N1 vimekutwa pia kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, na vilikuwa vingi katika maziwa mabichi. Kwa Kitale, penye ng'ombe wengi wa maziwa, hoja ni fupi: maziwa yachemshwe.

Kumtunza mgonjwa nyumbani

Katika janga zahanati hujaa, na mtunzaji huwa ndugu mkubwa. Kijana afunzwe kumweka mgonjwa kwenye chumba au kona yenye dirisha, kumpa maji na uji mara kwa mara, na kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa anayetapika au kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Parasetamoli hushusha homa. Dawa yenye aspirini asipewe mwenye mafua aliye chini ya miaka 18, kwa kuwa inaweza kuleta madhara mabaya ya ini na ubongo. Viuavijasumu haviui virusi.

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kusubiri akihema kwa shida, akiumwa kifua, midomo ikibadilika rangi, akichanganyikiwa, akishindwa kunywa, au homa ikiisha kisha ikarudi kali zaidi. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee, wenye virusi vya Ukimwi, pumu au selimundu, ambayo ni ya kawaida magharibi mwa Kenya, wapelekwe mapema. Chanjo ya mafua ipo, lakini haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto nchini.

Kila kijiji sasa kina mhudumu wa afya ya jamii. Serikali ilizindua takriban 100,000 kati yao Septemba 2023. Walimu wa klabu za afya wa Kitale na Bungoma wamwalike wa kwao darasani muhula huu, na kila mwanafunzi aandike jina na nambari yake ya simu ndani ya jalada la daftari.