Kiungo Kilichowaponyoka Wafalme

Wareno walipofika Calicut, pwani ya Malabar nchini India, mwaka 1498, moja ya mali walizokuwa wakiziwania ni pilipili manga. Mfalme wao akaihodhi biashara yake, na ilikuwa rahisi kujaribu: mmea ule hutambaa juu ya miti, hutaka joto na mvua nyingi, ukapenda Malabar na kuikataa nusu ya dunia. Ukishika bandari, umeshika bei. Pilipili kali haikumpa mfalme yeyote nafasi hiyo. Tunda moja kavu lina mbegu za kutosha bustani, na miche huota hata jalalani nyuma ya jiko.

Asili ya pilipili kali ni bara la Amerika. Mexico imeilima kwa miaka ipatayo 6,000. Columbus, aliyekuwa akiifuata pilipili manga ya India, aliikuta hii kali kwenye visiwa vya Karibi. Wareno wakaisambaza Afrika na Goa, waliyoiteka mwaka 1510, na baada ya hapo haikuwahitaji tena. (Mchuzi wa India kabla yao ulikolezwa kwa pilipili manga na tangawizi, ingawa leo ni vigumu kuamini.) Ndege nao walisaidia. Wao hawausikii mwasho. Hula tunda na kuangusha mbegu mbali, ndiyo maana pilipili kichaa huota hata pasipo na mpanzi.

Kwa maoni yangu, waliolipa tunda hili ulimwengu ni maskini. Nchini China, mwandishi Gao Lian alilitaja mwaka 1591 kama pambo la bustani, lakini Guizhou, jimbo la bara lililokosa chumvi, watu walianza kulila badala ya chumvi karne ya 18. Hungaria nako paprika ilikuwa ya wakulima kabla ya kupanda mezani kwa mabwana. Kwetu pwani hali ni hiyohiyo: muhogo wa kuchoma, embe mbichi, maharage ya jana, vyote hupata heshima kwa chumvi na pilipili. Mpishi hodari huitia pilipili mbuzi nzima kwenye mchuzi, akichunga isipasuke, apate harufu bila kuwaliza wageni.

Sayansi ilichelewa. Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville aliupima ukali kwa ndimi za watu, akiizimua pilipili kwa maji ya sukari hadi mwasho upotee. Mwaka 1997 David Julius na wenzake walibaini kwamba kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake, huamsha kipokezi kilekile cha neva kinachohisi joto la kuunguza. Kazi hiyo ilimpatia Julius Tuzo ya Nobeli ya 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Ulimi hauungui basi, unadanganywa tu.

Nawe ikikuzidi, usikimbilie maji, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri majini. Kunywa maziwa.